Sura ya Nne: Fito Kumi na Mbili

Fito kumi na mbili zimechomekwa ardhini katika mstari mmoja ulionyooka. Kati ya ufito na ufito pana sentimita 60, na kila mmoja una kimo cha mita moja au zaidi. Mbwa anatakiwa aingie kati ya ufito wa kwanza na wa pili, ule wa kwanza ukiwa upande wa bega lake la kushoto, kisha apinde kulia, kushoto, kulia, asiruke pengo hata moja, mpaka atokee mwisho wa mstari. Safari nzima ni mita 6.6. Mbwa aliyefuzu huimaliza kwa sekunde tatu hivi, mwili ukipenya kama ukindu unavyopita juu na chini ya mwenzake katika ukili wa mkeka. Hili ndilo zoezi gumu kuliko yote katika mchezo wa wepesi wa mbwa, ule ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1978 kwenye maonyesho ya Crufts jijini London, pale waandaaji walipotafuta kitu cha kuwachangamsha watazamaji wakaazima wazo kutoka mashindano ya farasi wa kuruka viunzi. Kuruka gogo mbwa hahitaji kufundishwa sana, na shimo la kupenya huliingia mwenyewe kwa udadisi. Lakini hakuna mbwa duniani ambaye, akikuta miti kumi na miwili mbele yake, atajipindapinda kati yake ilhali njia ya pembeni iko wazi. Zoezi hili halina asili yoyote katika maisha ya mnyama huyu. Kila anachokijua juu yake amefundishwa na mtu, na ndiyo maana linaonyesha bila kificho mbwa hujifunzaje na mwalimu wake ni mwalimu wa namna gani. Sura hii inadai kwamba jibu la swali hilo lina uzito mkubwa kisiwani Pemba, ambako mbwa hufugwa kwa ulinzi na usasi, na ambako kumfundisha au kutomfundisha kumefungamana na uhai wa watu.

Tuanze na njia ya nguvu, kwa kuwa ndiyo inayomjia mtu upesi. Mfunge mbwa kamba shingoni, mvute kati ya fito, mrudishe, mvute tena, akigoma mpige. Baada ya siku kadhaa atapita, hilo halibishaniwi. Ila mlegezee kamba usimame mbali, na utaona fito zile hazina maana yoyote kwake. Mwili wake umezoea kuvutwa, nao ulikuwa ukifuata shingo. Yeye mwenyewe hakuamua pindo hata moja. Amejifunza jambo jingine, tena amelishika vizuri: kwamba mkono wa mtu huyu, pale unaponyooshwa, huleta maumivu. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya mbwa 92 kutoka shule za mafunzo za aina mbalimbali, nyingine zikitumia zawadi, nyingine zikichanganya, nyingine zikitegemea zaidi mivuto na karipio. Mbwa wa shule kali walionyesha dalili nyingi zaidi za wahaka wakati wa somo, na mate yao yalikuwa na ongezeko kubwa zaidi la kotisoli, homoni inayopanda mwili unapobanwa na hofu. Kisha wakapewa jaribio la bakuli. Mbwa anazoeshwa kwamba bakuli likiwekwa upande mmoja lina chakula, likiwekwa upande wa pili ni tupu, halafu bakuli linawekwa katikati, mahali pa shaka. Waliolelewa kwa ukali mwingi walilikaribia bakuli hilo la katikati polepole zaidi, kama viumbe waliokwisha kukata tamaa kwamba ndani yake mnaweza kuwa na kitu. Hapa kipimo hakimo katika mkia au masikio ya mbwa, mambo ambayo kila mtu huyasoma apendavyo. Kimo katika hatua zake kuelekea bakuli, na hatua huhesabika.

Njia ya pili huanza na fito mbili tu. Mkufunzi wa Kanada, Susan Garrett, ndiye aliyeieneza kwa umaarufu mkubwa, na kati ya njia zote zinazotumika leo hii ndiyo naiona safi kuliko nyingine. Chomeka fito mbili, simama kando, nyamaza. Mbwa mwenye njaa kidogo na anayejua kwamba una kitu mfukoni atazunguka, atanusa ufito, atakutazama, ataketi, atabweka pengine. Usimwite wala usimwoneshe. Mara moja, kwa kubahatisha, kifua chake kitakata ule mstari ulio kati ya fito mbili, na papo hapo unapiga kidoko kwa ulimi. Sauti ile fupi na kavu inamwambia: hicho hicho ulichokifanya sasa hivi. Halafu unatupa kipande cha chakula mbele yake, kwenye njia anayoelekea, kikaanguke chini hatua tatu kutoka kwenye fito. Mahali kinapoanguka pana maana kubwa. Kikitoka mkononi mwako, macho ya mbwa yataganda mkononi, naye atajifunza kukufuata wewe. Kikianguka mbele, macho yake yatatangulia njia. Wako wanaomwongoza mbwa kwa nyama iliyoshikwa puani pake, wakampitisha fito zote kumi na mbili siku ya kwanza, na mtazamaji akapiga makofi. Lakini ondoa nyama, na kilichobaki ni mbwa anayetafuta nyama.

Akishaelewa kwamba kupita kati ya fito ndiko kunakolipa, unaanza kumhamisha mahali pa kuanzia. Leo anazijia fito kwa mbele, kesho kwa ubavu wa kulia, keshokutwa kwa ubavu wa kushoto, hata aweze kutokea pembe yoyote na bado aukute mlango wake mwenyewe, ufito wa kwanza ukiwa begani kushoto. Hapa ndipo palipo ufundi wote, na wanaofanya haraka huja kujuta, kwa kuwa mbwa asiyeujua mlango atazikosa fito kumi na mbili kama alivyozikosa mbili. Ndipo jozi ya pili huongezwa, kwanza ikiwa imekingamishwa kidogo ili njia iwe wazi, kisha ikinyooshwa kila siku kiasi, mpaka fito nne zikae mstari mmoja na mbwa ajipinde bila kujua alianza lini kujipinda. Akikosea, hapigiwi kidoko na hapati kitu, anaanza upya. Akikosea mara mbili mfululizo, kosa ni la mwalimu aliyepandisha daraja mapema, na dawa yake ni kurudi nyuma hatua moja. Somo liwe fupi, dakika chache, na halina haja ya kuwa la kila siku. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen kwa mbwa 44 wa aina ya beagle, uliochapishwa 2011, uligundua kwamba waliofundishwa mara moja au mbili kwa wiki walishika somo kwa vipindi vichache kuliko waliofundishwa kila siku. Kwa hali ya hewa ya Pemba nyakati zinazofaa ni alfajiri na baada ya alasiri, na siku za masika, udongo unapoteleza, ni heri kuahirisha. Mtoto wa mbwa asikunjwekunjwe namna hii kabla mifupa yake haijakomaa. Mashirikisho ya mchezo huu hayamruhusu mbwa kushindana akiwa na umri chini ya miezi 15 au 18, na sababu yao ni ya kweli.

Sasa twende kisiwani. Pemba ni nchi ya mikarafuu na mihogo, yenye watu 543,441 kwa sensa ya 2022, na mbwa wake ni wachache ukilinganisha na vijiji vya bara. Uchache huo haukukiepusha kisiwa na kichaa cha mbwa. Watafiti walioufuatilia ugonjwa huu Pemba tangu 2010 hadi 2020, wakitoka kwa kila aliyeng'atwa hadi kwa mnyama aliyemng'ata na kusoma vinasaba vya kirusi chenyewe, walibaini minyororo mitano ya maambukizi iliyokuwa ikienda sambamba. Yote mitano ilikuwa imekatika ilipofika Mei 2014, baada ya chanjo ya mbwa ya kila mwaka kuanzishwa na kuboreshwa kisiwa kizima. Kisha chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 kirusi kiliingizwa tena, mara mbili, na mlipuko uliofuata haukuzimika hadi Oktoba 2018, chanjo ya kisiwa kizima ilipokuwa imerejeshwa. Sindano anazopewa mtu baada ya kung'atwa huokoa maisha yake, na zisikosekane katika hospitali yoyote. Lakini hazimzuii mbwa wa pili kumng'ata wa tatu. Watafiti hao walikadiria kwamba Pemba ikiendelea kuwa huru na ugonjwa huu, familia zaidi ya 30 kila mwaka huepushwa na kisa cha kung'atwa na mnyama mwenye kichaa. Ni ushahidi adimu, kwa kuwa kisiwa kimoja kimetuonyesha mambo yote mawili ndani ya miaka kumi: chanjo ikiwepo ugonjwa huondoka, chanjo ikikosekana hurudi.

Na chanjo ya mbwa, tofauti na ya kuku inayoweza kutiwa machoni kwa tone au kwenye maji ya kunywa, humtaka mtu amshike mnyama. Shirika la Afya Duniani linataka angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili mnyororo ukatike. Serikali inaweza kuleta dawa, barafu, gari na kipaza sauti. Ikishamaliza yote, panabaki dakika moja ambayo haiko mikononi mwake, pale mwenye mbwa anapoinama na kumshika shingo. Mara nyingi anayempeleka mbwa kituoni ni kijana au mtoto, akimvuta kwa kamba kati ya mbwa wengine wanaobweka. Mbwa anayejua kwamba mkono ukinyooshwa kuna fimbo atakimbilia kichakani asubuhi hiyohiyo, au atageuka na kumng'ata aliyemshika. Mbwa ambaye kwa miezi miwili ameitwa akaja, akaja akapata, atakuja siku hiyo pia. Hapo ndipo fito zinapokutana na sindano. Sidai kwamba mbwa anayejipinda kati ya fito amekingwa na kirusi. Ninadai kwamba yule asiyeshikika hawezi kukingwa, na kwamba kushikika ni jambo la kufundishwa kwa kanuni zilezile: hatua ndogo, kidoko, malipo. Mkono unagusa shingo, kidoko, kichwa cha dagaa kinaanguka. Mkono unakaa shingoni, kidoko tena. Kamba, kidoko. Bwana mifugo anapofika na sindano yake, shingo hiyo imekwishazoea kuguswa.

Pingamizi zito kuliko yote Pemba ni la dini, na halistahili kujibiwa kwa mkato. Waislamu wa kisiwa hiki kwa wingi wao ni wa madhehebu ya Shafi, na kwa Shafi mbwa ni najisi. Chombo kilicholambwa naye huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Tena kumfuga pasipo haja kumekatazwa, isipokuwa kwa usasi, kwa kulinda mifugo au kwa kulinda shamba. Nayachukua maneno haya kama yalivyo, na bado naona yanaunga mkono hoja yangu. Mbwa ninayemzungumzia ni huyohuyo wa shamba na wa usasi, anayefukuza tumbili na nguruwe wasimalize muhogo. Na kuhusu mbwa huyo, aya ya nne ya Suratul Maida imehalalisha windo analolikamata mnyama aliyefundishwa, na imeutaja ufundishaji wenyewe kuwa ni sehemu ya elimu ambayo Mwenyezi Mungu amewapa waja wake. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Damascus wa karne ya 14, aliitumia hukumu hiyo kuonyesha ubora wa elimu: windo la mbwa mjinga ni haramu na la mbwa mjuzi ni halali, ilhali wote wawili ni mbwa. Nayo matini ya Abu Shuja, inayosomwa katika vyuo vya Kishafi kote pwani, imeweka masharti ya mbwa kuitwa mjuzi: akitumwa aende, akizuiwa asimame, asile alichokamata, na hayo yajirudie hata ijulikane kwamba si bahati. Mkufunzi wa leo akitaka kujua kama mbwa wake amelishika somo la fito huuliza jambo lilelile. Anamtuma, anamsimamisha, na anahesabu mara ngapi amepatia, kwa kuwa mara moja haitoshi.

Linabaki suala la tohara, na hapa njia ya fito mbili ina faida ambayo sijaiona ikitajwa. Haihitaji kumgusa mbwa. Chakula kinatupwa chini, kidoko kinapigwa kwa ulimi, mwalimu anasimama hatua tatu pembeni na nguo zake za sala hazifikiwi na pua yenye unyevu. Njia ya kumvuta kwa kamba ndiyo inayokulazimisha ushikane naye, na ya nyama puani ndiyo inayoleta mate vidoleni. Somo la kushikwa shingo haliepuki mguso, ni kweli. Lakini kauli ya mafaqihi ni kwamba kikavu hakikinajisi kikavu, na palipoingia unyevu maji na udongo vipo. Mkulima anayeoga na kubadili nguo baada ya kutoka shambani hapotezi chochote kwa kuongeza jambo hilo, naye anapata mbwa anayerudi akiitwa.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya mbwa wa Ulaya, wa mbegu zilizochaguliwa kwa vizazi vingi, na kwamba mbwa koko wa kijijini hana akili ya kufundishika. Mwenye wazo hilo na aende Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Huko shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa baruti za mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye kunusa vimelea vya kifua kikuu katika makohozi. Chombo chao ni sauti ya kidoko na kipande cha ndizi, basi. Panya mmoja aliyezaliwa hapo, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71 na vilipuzi vingine 38, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA. Ikiwa panya wa porini, ambaye mkulima humhesabu kuwa mwizi wa mahindi, amefundishika kiasi cha mtu kuweka mguu wake nyuma yake kwenye shamba la mabomu, sioni kwa nini tumkatie tamaa mnyama aliyeishi na binadamu kwa maelfu ya miaka na kusoma kila kunyanyuka kwa bega lake.

Kuhusu gharama sitachelewa. Mbwa hala zaidi kwa kufundishwa. Sehemu ya mlo wake wa jioni hugawanywa vipande vidogo kama punje ya kunde na kulipwa kimoja kimoja. Vichwa vya dagaa vinafaa, na vipande vya muhogo uliopikwa vilivyochovywa katika supu ya samaki vinafaa pia. Fito zinaweza kuwa za mianzi au za bomba kuukuu la plastiki. Boriti za mikoko ziachwe zikae pwani zilinde fukwe.

Pingamizi la mwisho ndilo lililo karibu zaidi na ukweli: ikiwa lengo ni mbwa anayekuja na kushikika, kwa nini tuhangaike na fito? Tumfundishe hayo mawili, tuache mchezo. Jibu langu ni kwamba fito zinampima mwalimu, jambo ambalo mafunzo mengine hayafanyi vizuri. Mbwa anayeketi baada ya kukaripiwa huonekana sawasawa na mbwa anayeketi kwa kuelewa, kwa hiyo mwalimu mkali anaweza kujidanganya miaka kumi. Kwenye fito hakuna pa kujificha. Aliyeogopeshwa huingia polepole, huruka pengo la tisa au la kumi, hutoka pembeni akimtazama bwana wake. Kijana akiyaona hayo kwa macho yake ataelewa kwa wiki moja kile ambacho semina ya siku tatu haiwezi kumfikishia. Na vijana wa Pemba hawahitaji kushawishiwa sana juu ya michezo ya mtu na mnyama. Kisiwa kina mchezo wa ng'ombe, fahali akiwa kwenye kamba na vijana wakimchezea kwa nguo kiwanjani, bila yeye kuuawa wala kuchomwa mkuki. Katika mchezo huo wepesi unaotakiwa ni wa mtu. Katika fito ni wa mnyama, na mtu hana la kufanya ila kufundisha vizuri na kungoja.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kijana wa Micheweni, Wete, Chake Chake au Mkoani ambaye nyumbani kwao kuna mbwa wa shamba. Alfajiri moja chomeka fito mbili uani, umbali wa sentimita 60, weka vichwa vya dagaa mfukoni, unyamaze. Somo la fito litakapokuwa limeshika, fundisha shingo. Na siku ya chanjo itakapotangazwa, mpeleke mbwa wako kituoni mapema, kabla watu hawajawa wengi.